Kifaru Kiliachiwa Miguu Yake

Mliokwisha kuona picha za Shervick, kifaru cha Sherman kilichogeuzwa trekta, mnajua ninachosema. Mnara wa mzinga umeng'olewa, chuma cha juu kimekatwa, dereva amekaa wazi, na lile dude lililozaliwa kwa vita sasa linaitwa trekta. Kazi ya kukata na kuchomelea haina kasoro. Halafu teremsha macho. Magurudumu ni yale yale ya Sherman, springi zile zile, na mnyororo unavutwa kutoka mbele kama siku ulipotoka kiwandani. Wahandisi walibadilisha kila kinachoonekana wakaacha kinachogusa ardhi. Nimeandika hapa mara nyingi kwamba magurudumu huchaguliwa kwanza na mashine baadaye. Sijapata ushahidi mzito kuliko huu, na umelala mkoani kwetu, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza.

Habari za mradi mnazijua. Frank Samuel wa United Africa Company alileta wazo mwaka 1946, John Wakefield na wenzake wawili wakapita juu kwa ndege, na Februari 1947 serikali ya London ikatangaza ekari 3,210,000, sehemu kubwa Tanganyika. Kongwa ilianza, Urambo na Nachingwea zikafuata. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000 ziwe zimesafishwa. Kwa hesabu hiyo yalihitajika makatapila mengi kuliko yaliyopatikana sokoni, na Uingereza haikuwa na dola za kuyanunulia Marekani. Wakaokota mabaki ya vita hadi Ufilipino. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947, theluthi mbili ya mashine walizoleta zilikuwa zimelala. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ikapewa kazi ya kugeuza vifaru kuwa matrekta.

Sitaki kusikia kwamba hawakuwa na njia nyingine. Aliyekosa makatapila ya kutosha angesafisha ekari chache. Lakini hata tukikubali kwamba ilikuwa lazima kifaru kitumike, swali la fundi linabaki: ukishakipata, unabadilisha nini?

Anza na springi. Sherman ina uzito wa tani 30 hivi na ilitengenezwa kukimbia hadi karibu kilomita 40 kwa saa barabarani, ikipiga mashimo bila kumvunja mgongo mpiga mzinga. Kwa hiyo magurudumu yake yamefungwa mawili mawili juu ya springi nene zinazobonyea. Kwa kifaru ni ubunifu mzuri kabisa. Sasa kifungie bledi mbele na ukiambie kisukume mti. Bledi ikikamata, pua inazama. Ikiachia, pua inaruka. Dereva anafukuzana na bledi badala ya kufukuzana na mti, na nyuma yake anaacha ardhi yenye mawimbi. Katapila la kweli halina anasa hiyo. Rola zake zimefungwa kwenye fremu ngumu, mwili wote unakaa juu ya ardhi kama ubao, linatembea polepole kuliko mtu mwenye haraka, na nguvu yote inaishia kwenye bledi.

Njoo kwenye mnyororo, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Katapila kama D8 lina sproketi nyuma. Linapovuta, mzigo unabebwa na upande wa chini wa mnyororo. Upande wa juu unarudi mbele ukiwa umelegea, pini zinapumua. Sherman ina sproketi mbele. Ivutishe mzigo, na mvutano unapita juu kote, unazunguka gurudumu la nyuma, ndipo ufike ardhini. Pini inakunjwa ikiwa imebeba mzigo kwenye gurudumu la nyuma, kisha inakunjwa tena kwenye sproketi. Kifaru kinachotembea hakijali sana, kwa sababu hakivuti kitu. Trekta linalovuta kuanzia alfajiri hadi jioni linajali. Ongeza mchanga. Udongo wa Kongwa ulisaga hata majembe ya diski, na mchanga wa Unyamwezi nao unaingia popote penye upenyo. Pini na bushi zikishalika, mnyororo unarefuka, unaruka meno, unatoka. Fundi yeyote wa gereji angeliona hilo siku ya kwanza kama angeruhusiwa kulala chali chini ya mashine kwa nusu saa.

Kuna na kugeuka. Diferenshali ya Sherman haisimamishi mnyororo mmoja ili mwingine uzunguke. Inapunguza tu kasi ya upande mmoja. Ndiyo maana kifaru hicho kinahitaji uwanja wa karibu mita 19 ili kigeuke. Ukirithi diferenshali hiyo umerithi na mgeuko wake, na msitu wa miombo hauna uwanja wa mita 19. Una mtundu hapa, mninga pale, na kichuguu katikati.

Lawama zikawaangukia madereva. Vijana walioshika usukani baada ya mafunzo ya haraka wakaambiwa ndio waliovunja mashine. Kauli hiyo ingali hai kwenye karakana nyingi, na kila ninapoisikia naomba nionyeshwe kwanza pini ya mnyororo. Ikiwa imelika upande mmoja, dereva hana kesi.

Wenye mradi niwape haki yao: wazo la kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili na kuuburuta msituni lilikuwa zuri. Lakini Vickers wenyewe hawakujifunza. Katapila lao la miaka ya 1950, Vigor, lilikuja tena na magurudumu makubwa yenye springi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo hili lilikwisha kulipiwa kwenye njia ya kutoka pwani hadi Ujiji, miaka 70 kabla. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu kupeleka ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, wakafika. Mwaka uliofuata chama chake kikaja na magari makubwa ya kukokotwa na ng'ombe, mtindo wa Afrika Kusini, yafike Ujiji. Magari yale yaliumbwa kwa nyika kavu iliyo wazi. Huku yakakuta vijito, matope, msitu, na mbung'o wakamaliza ng'ombe. Mzigo ukarudi kwa wapagazi, na waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa miguu.

Kati ya wale wamisionari alikuwamo baharia, Edward Coode Hore, na huyo ndiye ningempa karakana ya Vickers. Alipotakiwa kufikisha mashua ya chuma, Morning Star, Ziwa Tanganyika mwaka 1882, aliigawa vipande akaipandisha kwenye mikokoteni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikakokotwa na watu. Aliitazama njia kwanza: wembamba wake, miinuko yake, na nani atavuta. Mashua ilifika Ujiji. Na mbele ya Hore wapo mabingwa wenyewe, wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba frasila mbili begani kutoka Unyanyembe hadi pwani kwa njia ya mguu mmoja. Walijua uzito gani unalingana na njia gani, na hakuna mwenye msafara aliyewashinda kwa hesabu hiyo.

Mradi ulifutwa Januari 1951, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Urambo ikageukia tumbaku, na miombo ikafanya inachofanya siku zote: kuchipua. Kisiki cha muba hakifi kwa kukatwa. Ndiyo maana mwenye shamba lililopumzishwa leo anafunga slasha ya kufyekea machipukizi nyuma ya trekta dogo la HP 25, na ndiyo maana naona kosa la Shervick likirudi kwa ukubwa wa kitoroli.

Slasha nyingi huja na gurudumu moja nyuma, kwenye uma unaozunguka. Tairi la upepo likitobolewa na machipukizi yaliyokatwa mshazari, fundi anaweka gurudumu la toroli, na kwa kuwa uma umeanza kucheza, anauchomelea usimame. Slasha inaonekana imeimarika. Kona ya kwanza tu, gurudumu linakwaruza kando badala ya kufuata, na nguvu inayolikwaruza inapanda hadi kwenye fremu na mikono mitatu ya trekta. Fremu ikipinda, shafti ya PTO, inayoipa slasha nguvu kutoka kwenye trekta, inakaa pembe mbaya, inaanza kupiga kelele, na mwenye shamba anamwita fundi wa giaboksi, ambaye hana kosa.

Achana na toroli. Kata duara za tairi kuukuu la lori, zipange kwenye ekseli, zibane kwa bolti ndefu kati ya sahani mbili za chuma. Gurudumu hilo halina upepo wa kutoka na kisiki hakiliumizi. Uma uuwekee bushi mpya na grisi, uzunguke huru. Mkono wa juu wa trekta uache na mchezo kidogo, ili slasha ipande na kushuka na ardhi bila kusubiri pua ya trekta. Kwenye magurudumu ya mbele ya trekta usifunge tairi laini za bustani. Weka zenye kuta nene, kwa sababu za mbele ndizo zinazokutana na kisiki kabla yako. Halafu pita shambani kwa miguu, pima kisiki kirefu kuliko vyote, na gurudumu la nyuma la slasha ulipange ili visu vipite juu ya kisiki hicho.