Sifa ya Mpishi wa Udi

Katika sanaa zote zilizohifadhiwa na wanawake wa mwambao, tangu Lamu hata Unguja na Ngazija, sioni iliyostahili sifa zaidi, wala iliyosifiwa kwa uchache zaidi, kuliko upishi wa udi. Kwa kuwa mpishi huyu, atwaaye vipande vilivyovuka bahari kutoka Bara Hindi na nchi za mashariki yake, akavisaga, akavitia katika shira ya sukari pamoja na marashi ya mawaridi, sandali, miski na ambari, kazi yake haiishii jikoni, bali hutimia ndani ya ubongo wa mgeni atakayefukizwa chetezo ambaye pengine hajapata kumwona. Udi wenyewe ni zao la dhiki: mti hujeruhiwa, ukungu huingia jerahani, nao mti katika kujihami huujaza moyo wake utomvu mzito wenye kunukia.

Ama jinsi kazi hiyo inavyotimia ubongoni, wanasayansi Linda Buck na Richard Axel, waliotangaza mwaka 1991 uvumbuzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walibainisha ukoo mkubwa wa jeni ambazo kwazo pua hufanya vipokezi vya harufu, navyo kwa binadamu ni aina zipatazo 400. Kila seli ya neva iliyo juu ndani ya pua huchukua aina moja tu ya kipokezi, na seli zote za aina moja, ijapokuwa zimetawanyika, hupeleka nyuzi zao katika vishada vichache vile vile, katika sehemu ya ubongo iliyolala juu ya pua. Lakini chembe moja ya harufu huamsha aina kadhaa za vipokezi, na kipokezi kimoja huitikia chembe za namna nyingi. Hivyo harufu hujulikana kwa mpango wa vishada vyote, mfano wa bao, ambalo mashimo yake ni 32 tu, na mchezaji hodari husoma mtawanyiko wa kete zote kwa mtupo mmoja wa jicho.

Ndiyo sababu kipimo kina daraja kubwa. Ua la asumini, pambo la vikuba vyetu, lina indoli, ambayo kwa uchache hunukia na kwa wingi hunuka kinyesi. Maana chembe zikizidi huamsha vipokezi ambavyo chache hazikuviamsha.

Kutoka vishadani habari hufika kwenye gamba la ubongo bila ya kupita kwanza katika thalamusi, mahali ambapo habari za macho na masikio hazina budi kupita. Huko seli moja husikiliza vishada vingi kwa pamoja, hata viungo vikawa kitu kimoja, na mtu, ajapokuwa mzoefu, hupata taabu kutambua zaidi ya vitu vitatu au vinne ndani ya mchanganyiko. Wako watakaouita huo upungufu wa pua; mimi nauona kuwa ndio milki ya mpishi, kwani pasipo muungano huo asingeweza kuumba harufu mpya, angekusanya tu za zamani.

Majaribio juu ya panya yameonyesha kwamba mchanganyiko wa vitu 10 ukipungukiwa na kimoja, gamba hilo huukamilisha na kuutambua kuwa ni ule ule. Lakini kimoja kikibadilishwa kwa kigeni, huutenga kuwa harufu nyingine. Nami nimewajua wapishi ambao, ambari ikiadimika, huupika udi wao bila ya ambari, wala hawakubali kabisa kutia manukato ya chupa mahali pake.