Sekunde 170: Jinsi Kipchoge Alivyoligawa Lengo Lake

Oktoba 12, 2019, katika bustani ya Prater jijini Vienna, mwanariadha wa Kenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kabla ya siku hiyo, hakuna binadamu aliyekuwa amemaliza masafa hayo chini ya saa mbili. Muda huo haukuingia kwenye vitabu vya rekodi, kwa sababu haya hayakuwa mashindano ya kawaida na wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji wa kumsaidia kushika mwendo, walikuwa wakipokezana njiani. Hata hivyo, kwa yeyote anayejiwekea malengo, namna kazi ile ilivyopangwa inastahili kuchambuliwa.

Tuanze na hesabu. "Chini ya saa mbili" ni lengo zuri la kutangaza, ila mguu hauwezi kulikimbia. Mguu hukimbia kilomita iliyo mbele yake. Kwa hiyo lengo liligawanywa: kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 50, yaani sekunde 170. Anayeushika mwendo huo hadi mwisho humaliza kwa takriban 1:59:33. Siku ile kilomita zake zote zilikaa kati ya 2:48 na 2:52.

Pili, alijua yuko wapi kila wakati. Gari lililotangulia lilimulika mistari ya leza kwenye lami kuonyesha mwendo unaotakiwa. Akichelewa hata kidogo, kosa lilionekana papo hapo, kukiwa bado na nafasi ya kulirekebisha. Hata mazoezini Kaptagat, nchini Kenya, chini ya kocha Patrick Sang, Kipchoge alikuwa na desturi ya kuandika kazi yake kwenye daftari.

Tatu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, ni namna alivyolipokea jaribio lililoshindikana. Mei 2017, huko Monza nchini Italia, alimaliza kwa 2:00:25. Alihitaji kupunguza sekunde 26, ambazo ukizigawa kwa kilomita zote ni zaidi kidogo ya nusu sekunde kwa kila moja. Lengo halikuguswa, kilichobadilishwa ni mazingira. Vienna, timu ya wadhibiti kasi 41 ilipokezana, na waliokuwa mbele yake walijipanga kwa umbo jipya la kumkinga na upepo. Safari hii pia watu walijipanga kando ya barabara kumshangilia, tofauti na Monza, ambako mbio zilifanyika kwenye uwanja wa mbio za magari bila umati.

Sasa mchukue mama ntilie anayetaka kuweka akiba ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Akibaki na namba hiyo kubwa, Desemba itamkuta mikono mitupu. Akifanya kazi siku 300, anatakiwa kutenga 2,000 kwa siku. Atie fedha hizo kwenye kibubu kabla ya kufunga biashara, na aweke alama kwenye kalenda. Wiki ikipita na alama tatu tu, asijilaumu kwamba hana nidhamu. Aulize fedha zinavuja wapi. Pengine ni wateja wa mkopo, pengine ni bei ya mkaa. Arekebishe hapo, na 600,000 yake iendelee kusimama.

Ukubwa wa lengo haumshindi mtu. Kinachomshinda ni kukosa kipande cha kufanya leo, na kipimo cha kumwambia jioni kama amekifanya.