Pakruok si majigambo tu: Fasihi ya kando ya ziwa isiachwe langoni

MTAHINI yeyote wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu ameizoea sentensi hii: majigambo ni utungo wa kujisifu ambao mtu huutunga na kuughani kuhusu nafsi yake. Chini yake mwanafunzi huorodhesha sifa tano, kisha hutoa mfano. Yule anayetoka Ugenya, Seme au Nyakach huandika: pakruok ya Waluo. Anapewa alama zake, na mambo yanaishia hapo.

Hebu tujiulize, je, pakruok ni majigambo kweli?

Nenda kwenye sherehe yenye nyatiti au ohangla. Mtu anasimama, anaomba ala zinyamaze. Anajisifu, ndiyo. Lakini pia anamsifu rafiki yake, mpenzi wake, shemeji yake na hata kijiji alikozaliwa. Anatoa pesa kwa mwanamuziki ili apewe nafasi hiyo. Akimaliza, muziki unarudi. Punde si punde mwingine anausimamisha tena, naye anataka kumzidi wa kwanza. Hapa hadhira inageuka kuwa fanani. Kuna malumbano, kuna nafasi ya kusema inayonunuliwa, na kuna ala zinazosubiri maneno yaishe. Fasili ya kitabuni haijagusa hata nusu ya hayo.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wetu anayajua yote haya. Ameyaona kwao tangu utotoni. Ila hatumuulizi. Tunamtaka akariri fasili, kisha tunalalamika eti vijana wa leo hawana fikra za uhakiki! Mtu atahakiki vipi kitu alichofundishwa kukitaja tu?

Jambo hili lina historia. Mnamo Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, fasihi simulizi ikiwemo. Owuor-Anyumba hakuwa akibahatisha. Alikuwa mtafiti wa nyimbo za nyatiti. Mwaka huohuo Okot p'Bitek, aliyekuwa akiendesha masomo ya nje ya chuo mjini Kisumu, aliandaa tamasha la sanaa papo hapo mjini. Kwake, wapiga ala na waimbaji hawakuwa mifano ya kujazia karatasi ya mtihani. Walikuwa wasanii wa kusikilizwa.

Tazama pia Asenath Bole Odaga. Alitafiti fasihi simulizi, akaandika vitabu vya kuifundisha, akatunga hadithi kwa Kiingereza na Kidholuo, na akaanzisha kampuni ya uchapishaji hapo Kisumu. Grace Ogot naye, baada ya kujulikana kwa riwaya ya Kiingereza, alichapisha *Miaha* kwa Kidholuo mwaka 1983. Kwa akina mama hawa, kusoma, kutafiti na kutunga vilikuwa kazi moja. Sisi tumevitenganisha. Mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya fasihi bila kutunga hata hadithi moja fupi.

Najua hoja itakayoletwa. Wapo watakaosema kuwa fasihi ya Kiswahili ina mapokeo yake ya Pwani, na kwamba kuingiza sigana na pakruok ni kuichafua. La hasha! Mwanafunzi ni lazima azijue tenzi na arudhi za ushairi, hilo halina mjadala. Lakini *Wimbo wa Lawino* ulitafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa miaka ya 1970, na lugha haikuharibika kwa kubeba sauti ya mwanamke wa Kiacholi. Kiswahili hukua kwa kupokea.

Wengine watasema madarasa ni makubwa na muda ni mfupi. Ni kweli. Basi tuondoe insha moja tu ya muhula, ile ya kujadili sifa za utanzu fulani, ambayo siku hizi hununuliwa mtandaoni au huandikwa na mashine. Badala yake, kila mwanafunzi arekodi kwa simu yake utendaji mmoja wa kwao, kwa idhini ya fanani. Aunukuu, autafsiri kwa Kiswahili, kisha aeleze ni wapi fasili ya kitabuni inapwaya. Mwishowe atunge utungo wake mwenyewe kwa kufuata muundo huo. Kazi ya namna hii ni vigumu kuinunua, maana muuzaji hakuwepo kwenye sherehe.

Haya si mambo ya vyuo pekee. Katika mtaala mpya, Fasihi ya Kiswahili inasomwa kama somo katika shule za upili za juu. Walimu wake ndio hawa tunaowafunza sasa. Wakitoka kwetu na fasili kavu, watakwenda kuwakaririsha watoto wa Usenge, Mbita na Homa Bay fasili hizohizo, huku bibi zao wanaozijua sigana wakikaa nyumbani bila kuulizwa neno. Na bibi hawatatungoja.