Programu Inahesabu, Lakini Nani Anakuuliza?

Siku hizi kampuni ikitaka wafanyakazi wake wapunguze uzito, njia nyepesi ni moja: inalipia programu ya mtandaoni, inawatumia kiungo, imemaliza. Je, inasaidia? Tuangalie majaribio mawili ya Marekani. Yana jibu zuri, na mtego pia.

Mwaka 2001, Deborah Tate na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA jaribio la wafanyakazi 91 wa hospitali. Makundi yote mawili yalianza na kikao kimoja cha ana kwa ana, kisha yakapewa tovuti yenye taarifa za kupunguza uzito. Kundi moja likaachiwa hapo. La pili likaongezewa masomo ya kila wiki kwa barua pepe, kutuma kumbukumbu za mlo na mazoezi, majibu ya mtaalamu kwa kila mtu, na ukumbi wa kujadiliana mtandaoni. Baada ya miezi 6, la kwanza lilipungua wastani wa kilo 1.6, la pili kilo 4.1.

Utasema basi, binadamu kashinda. Subiri kwanza. Kundi la pili lilipata vitu vinne kwa mpigo. Mtu akimeza dawa nne akapona, utajuaje ipi imemponya? Huo ndio udhaifu mkubwa wa jaribio hili.

Jaribio la pili la Tate, la mwaka 2006, liliziba pengo hilo. Watu wazima 192 walipewa tovuti. Wengine walijibiwa na mshauri kwa barua pepe, wengine na kompyuta, wengine hawakushauriwa kabisa. Miezi 3: kilo 6.1 kwa mshauri, 5.3 kwa kompyuta, 2.8 kwa wasioshauriwa. Mshauri na kompyuta karibu sawa! Miezi 6: 7.3, 4.9 na 2.6.

Umeuona mtego? Mwajiri anayepima kwa miezi 3 tu ataona kompyuta inatosha, amwondoe mshauri aokoe hela. Kumbe thamani ya mshauri inajitokeza baadaye, hamu ya mwanzo ikishapoa.

Sisemi namba hizi ni msahafu. Kilo hizo za 2006 ni za waliobaki. Waliojitoa walipoingizwa kwenye hesabu, mpangilio ulibaki uleule, na hilo linatia moyo. Lakini miezi 6 ni michache kwa uzito unaopenda kurudi. Tena, jaribio la hospitali lilimfundisha mfanyakazi abadilike yeye. Zamu za usiku na chakula cha kantini havikuguswa.

Kwa hiyo kazini kwako wakileta programu, usiulize tu ina vitu gani. Uliza: nitakachoandika kitasomwa na nani, na kwa muda gani? Na huyo msomaji asiwe bosi wako. Mshauri unayemwogopa utamwandikia uongo, na hapo hata kompyuta ni afadhali.