Wiki Iliyozeeka na Haki ya Kuandika Pambizoni: Uhakiki wa Wiki ya SageMath kutoka Cibitoke, Bujumbura

Makala haya yanahakiki matini ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajazoea kuiita matini: wiki ya jumuiya ya SageMath, programu huria ya hisabati. Nayaandika Cibitoke, mtaa wa kaskazini ya Bujumbura (si ule uliokuwa mkoa wenye jina hilohilo mpakani mwa Kongo), ambako mwanafunzi hawezi kumudu Maple wala Mathematica, na kila ukurasa anaoufungua unakula mega alizonunua kwa fedha yake. Kwa msomaji wa namna hiyo, kuikarabati wiki iliyozeeka au kuiondoa si shughuli ya mafundi wa seva peke yao. Hoja yangu ni kwamba mijadala ya aina hii huitazama mitambo na kuisahau kalamu. Huuliza ni programu gani itaonyesha kurasa, haiulizi ni nani atakayeweza kuzisahihisha.

SageMath ilianzishwa na William Stein mwaka 2005, kwa nia iliyotangazwa wazi ya kuwa mbadala huria wa Magma, Maple, Mathematica na MATLAB. Wiki yake iliendeshwa kwa MoinMoin, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Dhana yenyewe ya wiki ilikuwa changa: Ward Cunningham aliifungua ya kwanza mwaka 1995, akaipa jina kutoka neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Haraka hiyo ndiyo kiini cha tanzu hii. Msomaji aliyeona kosa alibonyeza, akasahihisha, akaendelea na kazi yake.

Ukiisoma kama matini, wiki ya SageMath haina umbo la kitabu. Kuna kurasa za mikutano iitwayo Sage Days, zenye ratiba, majina ya washiriki na orodha za kazi zilizokusudiwa, nyingine zikiwa zimeachwa katikati kama daftari la mwalimu aliyehamishwa shule. Kuna pia kurasa za mifano shirikishi, ambazo kwangu ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote: mistari michache ya msimbo inayomwezesha mwanafunzi kusogeza kitufe na kuona mkunjo wa grafu ukibadilika. Mifano mingi imebeba jina la aliyeiandika. Huyu aliona wanafunzi wake hawaelewi kikomo cha fungisho, akaandika mfano. Mwingine akaukuta, akaurekebisha. Ni maandishi ya pambizoni, na uzuri wake ni wa pambizoni: hayana mpangilio, yanajirudia, lakini yanajibu swali ambalo mtu fulani alikuwa nalo kweli.

Ufa ulitokea kwenye lugha ya chini. Msaada rasmi kwa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, na siku hiyohiyo likatoka toleo la 9.0 la SageMath, lililohamia Python 3. Programu ilivuka mto, daftari lake likabaki ng'ambo. MoinMoin 1.9 haikuvushwa kamwe. Kazi hiyo iliachiwa MoinMoin 2, ambayo maandalizi yake yamechukua zaidi ya muongo mmoja. Madhara yake ni mawili, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni la mtambo: seva inayoendeshwa kwa msimbo usiorekebishwa tena ni mlango usio na kitasa. La pili ni la matini: mfano wa zamani uliotumia amri ya kuchapisha bila mabano hukataliwa na toleo jipya kuwa kosa la sarufi. Mhandisi huona la kwanza. Mwanafunzi wa hapa hukutana na la pili, na kwa kuwa hajui historia yote hii, hudhani kosa ni lake.

Wanaotaka ukarabati wana hoja: anwani za kurasa zimenukuliwa katika vitabu na makala, na kuzivunja ni kuvunja ushahidi. Wanaotaka badiliko nao wana yao. Mwezi Februari 2023 uendelezaji wa SageMath ulihamia GitHub kutoka Trac, na ni kawaida kufikiri kwamba maelezo yaufuate msimbo, kila sahihisho lipitiwe kabla ya kupokelewa. Siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu mfano wa hisabati wenye kosa ni mbaya kuliko kukosa mfano. Hata hivyo upitiaji una gharama isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote. Mtu anayetaka kuongeza mabano mawili hulazimika kufungua akaunti, kunakili hazina nzima, kutuma ombi, kisha kujieleza kwa Kiingereza mbele ya wageni. Mwalimu wa sekondari aliyesomeshwa kwa Kifaransa ataacha kosa lilivyo. Nisingemlaumu.

Kifaransa chenyewe kina fundisho hapa. Kitabu *Calcul mathématique avec Sage*, kilichoongozwa na Paul Zimmermann na kutolewa mwaka 2013 kwa leseni huria, ndicho ningempa kwanza mwanafunzi wa Bujumbura. Kimepangwa, kimehaririwa, kinasomeka bila intaneti. Lakini nacho ni cha kabla ya Python 3, na msomaji hana pa kuandika sahihisho isipokuwa pembeni mwa nakala yake mwenyewe.

Upande wa Kiswahili tuna kidonda chetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KLNX, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na istilahi zake zilihitaji jasho. Kisha OpenOffice yenyewe ikagawanyika, LibreOffice ikazaliwa mwaka 2010, na jina la Jambo likabaki katika makala kama haya. Tunajua kuzindua. Katika maandiko ya miradi niliyopata kuyasoma, safu ya mtunzaji wa baada ya uzinduzi ama haimo, ama imejazwa neno "wadau".

Msimamo wangu basi ni kwamba mtambo ubadilishwe, lakini si kwa masharti ya mtambo. MoinMoin ya zamani huhifadhi kila ukurasa na kila toleo lake kama faili za maandishi ya kawaida, bila hifadhidata. Kwa hiyo historia yote, pamoja na majina ya waliosahihisha, inaweza kuhamishwa, na nakala tuli ikawekwa kwenye flashi na kupelekwa shuleni kusiko na mtandao. Anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya. Mifano ijaribiwe upya dhidi ya toleo la sasa, na isiyofanya kazi ibandikwe tangazo la wazi badala ya kufutwa. Na kando ya hazina yenye upitiaji ubaki ukurasa mmoja wa maoni kwa kila mfano, ambapo mtu ataandika kwa lugha yake kwamba mstari wa tatu umekataa.

Mafunzo ya mwanzo ya SageMath yamefasiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kireno, Kijapani na Kirusi; Kiswahili hakimo. Washauri wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wakiletewa pendekezo la kuyafasiri, ningewaomba waanze na kurasa za mwisho za andiko, waone kama kuna jina la mtu atakayezisahihisha kurasa hizo toleo la programu litakapobadilika, na mshahara wake utatoka kwenye fungu gani.