Wimbo wa Mama Unapimwa kwa Besi na kwa Kazi

Mwezi Machi ukikaribia na mafundi cherehani wa Kimanga wakielemewa na vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8, atakayepiga muziki wa sherehe naye ajiandae. Si kila wimbo unaotaja mama unamfaa mama. Soul na funk zina nyimbo bora za kumsifu, ila lazima ujue kuchagua.

Besi. Ianze hiyo. Mpigaji anayejaza kila nafasi anajionyesha mwenyewe. Besi nzuri hupiga noti chache, hunyamaza, kisha hurudi palepale. Hata mama anayeumwa magoti anapata pa kukanyaga.

Saksafoni na tarumbeta. Kazi yake ni kumwitikia mwimbaji, si kumfunika. Ukitaka kuzoeza sikio, msikilize mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana, aliyetoka bendi ya OK Jazz mwaka 1969 akaunda Orchestre Vévé. Saksafoni yake husema neno, ikanyamaza, ikasubiri jibu.

Maneno. Hapa ndipo nyimbo nyingi huanguka, kwa sifa tupu. Mwimbaji Bill Withers, aliyepanda jukwaa la Kinshasa katika tamasha la Zaïre 74, alitoa "Grandma's Hands" mwaka 1971. Wimbo ni wa dakika 2 hivi. Anaanza kwa kuvumisha sauti, mdomo umefumbwa, kisha anataja mikono ya nyanya yake: ilivyopiga makofi na matari kanisani, ilivyomkinga mtoto asichapwe. Hasemi nyanya ni mwema, unamwona mwenyewe.

Mahali pa wimbo. Kundi la The Spinners, waliokuwa kwenye tamasha hilohilo, waliimba "Sadie" kumkumbuka mama aliyefariki. Ni wimbo mtamu, lakini wa watu waliokaa. Wakati wa kucheza, weka "I'll Always Love My Mama" ya The Intruders, ya mwaka 1973. Mdundo wake unainua watu vitini, na ndani yake yumo mama anayesafisha nyumba za watu ili mwanawe apate viatu.

Jaribio la mwisho. Punguza sauti mpaka watu waweze kuzungumza. Wimbo ulio imara bado utatikisa mabega. Ulio dhaifu hutegemea kelele za spika.

Basi, wewe unayepanga muziki, sikiliza kila wimbo mpaka mwisho kabla ya sherehe. Wimbo usiotaja hata kazi moja ya mama, uache, hata ukipigwa kwa ustadi gani.