Huria ya Nani? Istilahi ya Uchapishaji Huria na Ada ya Mwandishi

Istilahi "uchapishaji huria" imeenea vyuoni bila kuhakikiwa ipasavyo. Huitwa huria uchapishaji ambao makala yake husomwa na yeyote bila malipo. Hata hivyo, neno hili lilikwisha kubeba maana mbili zisizopatana. Limo katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambamo lamaanisha mlango kufunguliwa kwa waliokuwa nje. Limo pia katika "soko huria", ambamo mwenye fedha ndiye mwenye uhuru. Hapana budi kuuliza uchapishaji huria umefuata maana ipi.

Nyankunde, kusini-magharibi ya Bunia katika Ituri, yasaidia kujibu. Azimio la Budapest, lililotaka utafiti usomwe bila malipo, lilitolewa Februari 2002. Septemba ya mwaka huo huo Nyankunde ilishambuliwa, mamia ya watu wakauawa na hospitali yake mashuhuri ikaporwa. Hospitali hiyo ilifufuliwa baadaye. Kwa daktari au mwalimu wa tiba wa mahali kama hapo, kusoma bure si jambo la kubezwa, kwani rafu za vitabu huweza kuporwa kwa siku moja, ilhali makala yaliyomo katika intaneti hubaki. Hapa huria ni ile ya maana ya kwanza.

Lakini daktari huyo huyo akitaka kuandika aliyoyaona wodini, maana hugeuka. Majarida mengi yameuhamishia mzigo wa gharama kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipoanza utaratibu huo mwaka 2021, liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Watetezi wa ada hujibu kwamba wachapishaji kadhaa huwasamehe waandishi wa nchi maskini kabisa, Kongo ikiwamo. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Msamaha hutolewa na mwenye kudai, naye aweza kuuondoa. Aidha, kwa wachapishaji wengine hutolewa kwa ukamilifu pale tu waandishi wote watokapo katika nchi hizo. Mwenza mmoja kutoka nchi yenye kipato kikubwa zaidi aweza kuurudisha mzigo. Hivyo msomaji amewekwa katika chuo huria, mwandishi akaachwa katika soko huria.

Taaluma ya Kiswahili inao mfano ulio tofauti. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 nchini Ujerumani, husomwa bila malipo na halimtozi mwandishi. Hata hapo gharama haikutoweka, bali imebebwa na taasisi za Ujerumani. Kwa hiyo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kongo vikitaka neno "huria" libaki na maana ya kwanza, havina budi kuyagharimia majarida yao vyenyewe. Vinginevyo mtafiti wa Nyankunde ataendelea kusoma bure na kuandika kwa hisani.